Majina ya Mitaa na Barabara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo watu huuliza mara nyingi kuhusu majina ya mitaa: yametoka wapi, yana maana gani na kwa nini hubadilishwa. Katika karibu kila jibu msomaji ataona swali moja likirudi, nalo ni hili: jina hili lilitolewa na nani, na lini? Anayelijua jibu lake amekwisha kuipata nusu ya maana ya jina, hata kama neno lenyewe ni la lugha asiyoifahamu.

Je, mtaa na barabara ni kitu kimoja?

La. Kiswahili hulipa neno mtaa maana mbili, yaani sehemu ya mji wanamokaa watu, na pia njia inayopita kati ya nyumba zao. Barabara ni njia pana ya kupita watu na vyombo, na uchochoro ni njia nyembamba iliyobanwa na kuta. Maana hizo mbili za mtaa zinatukumbusha kwamba si kila mji ulianza kwa kuzipa njia majina. Nchini Japan, anwani hutaja eneo, kisha kitalu, kisha nyumba, na njia nyingi hazina jina lolote. Mji wa Kyoto, ambao hutumia majina ya njia tangu zamani, ndio unaojulikana zaidi kwa kwenda kinyume na desturi hiyo. Katikati ya mji wa Mannheim, Ujerumani, vitalu vyenyewe ndivyo vinavyotambulishwa, kwa herufi na namba. Korea Kusini ilikuwa na utaratibu wa kutumia maeneo na namba za viwanja hadi mwaka 2014, anwani za majina ya barabara zilipokuwa za lazima.

Kwa hiyo jina la barabara ni uamuzi wa watu, na miji mikubwa imeweza kuishi bila hilo kwa karne nyingi.

Majina ya kwanza ya mitaa yalitolewa na nani?

Katika miji mingi ya kale yalitolewa na wapitaji wenyewe, bila kikao wala tangazo. Mtu alipomwelekeza mwenzake mahali pa kununua mkate, alitaja mahali mkate ulipouzwa, na baada ya watu wengi kusema hivyo kwa miaka mingi, maelekezo yakageuka jina. Ndivyo mji wa London ulivyopata Bread Street, mtaa wa mkate, Milk Street, mtaa wa maziwa, na Wood Street, mtaa wa kuni na mbao. Upo hata mtaa uitwao Poultry tu, yaani kuku na ndege wa kufugwa. Mitaa yote hiyo imeizunguka Cheapside, barabara ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya soko. Ukiyasoma majina hayo pamoja juu ya ramani, utaliona soko zima la zama za kati likiwa limepangwa mbele yako, ingawa meza ya mwisho iliondolewa zamani sana.

Roma ina majina ya namna hiyohiyo. Via dei Coronari ilikuwa ya watengenezaji wa rozari, ambao waliwauzia mahujaji waliokuwa wakielekea kanisa la Mtakatifu Petro. Via dei Cappellari ilikuwa ya watengeneza kofia, na Via dei Baullari ya watengeneza masanduku ya safari. Katika mji mkongwe wa Hanoi, majina mengi huanza na neno Hàng, ambalo maana yake ni bidhaa: Hàng Bạc ni mtaa wa fedha, ile inayofuliwa na sonara, na Hàng Gai ni mtaa wa katani. Miji hiyo mitatu haikuigana. Wenye kazi moja walikaa pamoja kwa sababu ya vyama vyao, malighafi yao na wateja wao, na jina likafuata kazi.

Umbo la njia nalo lilitosha kuwa jina. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinataja njia iitwayo Nyofu katika mji wa Dameski, na njia hiyo ingalipo, ikipita katikati ya mji mkongwe.

Kwa nini jina la mtaa hutaja kitu ambacho hakionekani tena?

Kwa sababu jina hudumu kuliko kitu kilicholizaa. Kwangu mimi hili ndilo jambo la thamani kubwa kuliko yote katika somo hili, kwani mtaa unaweza kutunza habari ya mto, ukuta au ufuko ambao hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuuona.

New York ni mfano mzuri. Wall Street ni mtaa wa ukuta, na ukuta huo ulikuwapo kweli: Waholanzi waliujenga kwa magogo mwaka 1653 kwenye ukingo wa kaskazini wa mji wao, na Waingereza wakauvunja mwaka 1699. Karibu na hapo ipo Pearl Street, mtaa wa lulu, ambao zamani ulifuata ufuko uliojaa makombe ya chaza. Leo ukisimama hapo bahari iko mbali, kwa kuwa ufuko ulijazwa kifusi mara kwa mara ili kupata ardhi ya kujenga. Canal Street ilifuata mfereji uliochimbwa kukausha bwawa, kisha ukafunikwa. Na jina la Bowery linatokana na neno la Kiholanzi lenye maana ya shamba, ingawa barabara yenyewe kwa sasa imezungukwa na majengo pande zote.

Kule London, Fleet Street imebeba jina la mto Fleet, ambao sasa unapita chini ya ardhi ndani ya mabomba. Rue du Bac ya Paris ni mtaa wa kivuko, kwa kuwa uliishia mahali palipokuwa na pantoni ya kuvukia mto Seine. La Rambla ya Barcelona inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga, kwa sababu njia hiyo ilikuwa mkondo wa maji ya mvua uliokauka wakati wa kiangazi. Barabara ya duara ya Vienna, iitwayo Ringstrasse, inafuata mstari wa kuta ambazo mfalme Franz Joseph aliamuru zibomolewe mwaka 1857. Hata neno bulivadi, linalotumika duniani kote kwa barabara pana yenye miti, lilianza kama neno la Kiholanzi la boma, kwa kuwa bulivadi za kwanza za Paris zilijengwa juu ya maboma yaliyovunjwa.

Mjini Zanzibar, Darajani ni mahali palipokuwa na daraja la kuvuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na upande wa pili. Mkono huo umekwisha kujazwa na daraja halipo. Upande wa pili wenyewe uliitwa Ng'ambo, na neno hilo peke yake linatueleza msemaji alikuwa amesimama wapi, kwa maana hakuna anayeyaita makazi yake mwenyewe ng'ambo mpaka wengine wawe wamemzoesha kuyaita hivyo.

Ni lini serikali ilianza kuyasimamia majina hayo?

Kuiita njia kwa jina la mtawala ni jambo la kale. Via Appia ya Roma, iliyoanza kujengwa mwaka 312 KK, ilichukua jina la Appius Claudius aliyeiamuru. Lakini usimamizi wa mji mzima ni jambo la karne chache zilizopita. Mwaka 1728 mamlaka ya polisi ya Paris iliagiza kwamba kila mtaa uwekewe kibao cha jina kwenye kona zake, na mwaka 1805 ukatolewa utaratibu wa kuzipa nyumba namba, shufwa upande mmoja na witiri upande wa pili. Dola ilitaka kujua nani anakaa wapi ili ikusanye kodi, iandikishe askari na ifikishe barua. Tangu kibao kilipowekwa ukutani, jina lilihitaji idhini ya ofisi, na mpitaji akaanza kupoteza haki yake ya kale ya kuita mahali kama apendavyo.

Kwa nini miji mingine hutumia namba na herufi?

Kwa sababu ilichorwa kabla ya kukaliwa. William Penn alipoupanga mji wa Philadelphia mwaka 1682, alizipa barabara za upande mmoja namba na zile zinazozikata majina ya miti. Penn alikuwa Mkweka, yaani mfuasi wa dhehebu la Kikristo la Quakers, na Wakweka hawakupenda kumtukuza mtu, kwa hiyo hata uchaguzi ule unaoonekana kuwa wa kawaida ulikuwa na imani ndani yake. Washington, iliyochorwa na mhandisi Mfaransa L'Enfant mwaka 1791, ilitumia namba, herufi na majina ya majimbo. New York ilifuata mwaka 1811 kwa mpango uliochora barabara za namba hadi ya 155, kwenye ardhi ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa bado mashamba na vilima.

Namba humsaidia mgeni sana, na huo ni wema usiopaswa kudharauliwa. Hata hivyo watu huzijaza maana wenyewe kadiri miaka inavyopita: Fifth Avenue ni ya tano tu kwenye mchoro, lakini kwa anayeisikia ni utajiri na maduka ya fahari.

Kwa nini barabara nyingine huitwa kwa tarehe?

Tarehe hutunza tukio bila kumtaja mtu yeyote. Avenida 9 de Julio ya Buenos Aires inakumbuka tarehe 9 Julai 1816, Argentina ilipotangaza uhuru. Rua 25 de Março ya São Paulo inakumbuka katiba ya Brazil ya mwaka 1824. Udhaifu wake ni kwamba mwaka haumo katika jina, na baada ya vizazi viwili wapitaji wengi huijua tarehe bila kulijua tukio.

Kwa nini majina hubadilika utawala unapobadilika?

Kwa kuwa kibao cha mtaa ni tangazo linalosomwa kila siku na watu wote, wakiwamo wasiosoma magazeti. Uwanja mkuu wa Paris uliitwa kwa jina la mfalme Louis XV; mwaka 1792 ukawa Uwanja wa Mapinduzi, na hapo ndipo Louis XVI alipokatwa kichwa Januari 1793; mwaka 1795 ukaitwa Place de la Concorde, yaani uwanja wa maelewano. Majina matatu ndani ya miaka minne, na kila moja likiwa ombi au amri kwa wapitaji.

Nchi zilizotoka katika ukoloni zilifanya hivyo kwa haki kamili. Dublin iliigeuza Sackville Street kuwa O'Connell Street mwaka 1924. Nairobi, Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, na Victoria Street ikapewa jina la Tom Mboya, aliyeuawa mwaka 1969. Dar es Salaam, iliyokuwa Acacia Avenue iliitwa Independence Avenue baada ya uhuru, na leo ni Samora Avenue, kwa heshima ya Samora Machel wa Msumbiji. Windhoek ilikuwa bado na barabara kuu iitwayo kwa cheo cha Kaisari wa Ujerumani hadi Namibia ilipopata uhuru mwaka 1990, ndipo ikawa Independence Avenue. Tazama kwamba kila mahali zilianza barabara kuu, zile za benki, posta na maandamano. Vichochoro vilingoja, na vingine vinangoja hadi leo.

Je, jina lililofutwa linaweza kurudi?

Linaweza, hasa ikiwa watu hawakuacha kulitumia midomoni. Barabara kuu ya St. Petersburg, Nevsky Prospekt, ilipewa jina la Oktoba 25 mwaka 1918, kwa kukumbuka siku ya mapinduzi, lakini wakazi waliendelea kuiita Nevsky. Januari 1944, mwezi uleule ambao mzingiro wa majeshi ya Ujerumani uliondolewa, serikali ya Kisovieti yenyewe ililirudisha jina la zamani, ingawa mji wenyewe ulikuwa ungali ukiitwa Leningrad. Nguvu iliyokuwa imewaangusha wafalme haikuweza kuwazuia watu kuiita njia yao jina walilolizoea.

Majina ya wakoloni yaliyomo katika miji ya Ulaya yanashughulikiwaje?

Berlin ndiyo yenye historia ndefu ya kusimulia, na inatuhusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 1939, chini ya utawala wa Hitler, barabara moja katika eneo linaloitwa mtaa wa Kiafrika ilipewa jina la Carl Peters, aliyekuja Afrika Mashariki kusaini mikataba ya hila na kuacha sifa ya ukatili. Mwaka 1986 wakuu wa mji waliamua kwamba Petersallee ibaki na jina lake, ila kuanzia hapo imaanishe mtu mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Jina lililo kwenye kibao halikubadilika. Sioni kama huo ulikuwa ufumbuzi wa kweli, kwa sababu mpitaji hasomi kumbukumbu za kikao, husoma kibao.

Wanaharakati hawakunyamaza, na Agosti 2024 barabara hiyo iligawanywa: sehemu moja ikaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke Mherero aliyeuawa Windhoek Desemba 1959 katika maandamano ya kupinga kuhamishwa kwa nguvu, na sehemu ya pili Maji-Maji-Allee, kwa kumbukumbu ya vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Kabla ya hapo, Desemba 2022, eneo hilohilo lilikuwa limekwisha kupata majina ya Cornelius Fredericks, kiongozi wa Wanama, na familia ya Manga Bell ya Kameruni. Na mwaka 2021, katika wilaya ya Neukölln, mtaa uliokuwa wa Hermann von Wissmann, aliyeongoza majeshi ya Wajerumani dhidi ya watu wa pwani yetu, ulipewa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wa Tanganyika na Tanzania. Neno la Kiswahili, maji, sasa limo kwenye kibao cha mtaa katika mji uleule ambamo mwaka 1884 na 1885 mataifa ya Ulaya yalikutana kujadili Afrika.

Je, mtu aliye hai anaweza kupewa mtaa?

Nchi nyingi hulikwepa jambo hilo, na mkutano wa Umoja wa Mataifa wa kusanifisha majina ya mahali, uliofanyika mwaka 2002, ulizishauri nchi zisihimize majina ya watu walio hai. Sababu iko wazi: maisha ya mtu hayajulikani mpaka yaishe, na mwenye madaraka huheshimiwa kwa hofu. Hata hivyo yapo majina ambayo yangepoteza nguvu yote kama yangengoja kifo. Mwaka 1986 mji wa Glasgow ulilipa eneo la katikati ya mji jina la Nelson Mandela, wakati yeye angali gerezani, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na ofisi ya ubalozi mdogo wa Afrika Kusini. Kila barua iliyofika ofisini humo ililazimika kubeba jina la mfungwa wao.

Kwa nini majina ya wanawake ni machache?

Kwa sababu heshima ya kupewa mtaa ilitolewa kwa majenerali, wabunge, maaskofu na wavumbuzi, katika nyakati ambazo mwanamke alizuiwa kuzishika kazi hizo. Miji iliyokwisha kujaa hurekebisha polepole, lakini mtaa mpya unaweza kuanza vizuri tangu mwanzo. Gati za zamani za Puerto Madero, Buenos Aires, zilipogeuzwa kuwa makazi, barabara zake zilipewa majina ya wanawake, wakiwamo mwalimu Juana Manso, daktari Alicia Moreau de Justo na Azucena Villaflor, mmoja wa akina mama waliodai watoto wao waliotekwa na utawala wa kijeshi.

Nitajuaje kama hadithi ninayosimuliwa kuhusu jina ni ya kweli?

Itilie shaka zaidi hadithi iliyo tamu kupita kiasi. Washington haina barabara ya herufi J, na husimuliwa kwamba L'Enfant alimchukia mwanasiasa John Jay. Ukweli ni kwamba wakati huo herufi I na J zilifanana na kuchanganywa katika maandishi. Husemwa pia kwamba Elephant and Castle ya London ni matamshi yaliyoharibika ya cheo cha binti mfalme wa Kihispania, ilhali jina hilo limetokana na nyumba ya wageni iliyokuwa na alama ya tembo aliyebeba ngome.

Lakini zipo hadithi zinazosikika kama za kubuni, nazo ni za kweli. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote mbili ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, jina ambalo ndimi za watu zililikata upya kwa sauti zao. Mitaa ya Kariakoo kama Mahiwa, Narung'ombe na Tandamti ina majina ya mahali kusini mwa Tanzania palipopiganwa vikali mwaka 1917. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa maradhi na njaa, na wengi wao hawana kaburi lenye jina.

Nianzie wapi kutafuta asili ya jina la mtaa wangu?

Anza na ramani za zamani, uziweke kwa mfuatano wa miaka, na utafute ramani ya mwisho isiyo na jina hilo na ya kwanza iliyo nalo. Hapo utakuwa umepata kipindi chake. Kisha nenda kwenye kumbukumbu za vikao vya halmashauri na gazeti la serikali la kipindi hicho, kwa maana mabadiliko mengi ya karne ya 20 yalitangazwa humo. Hati za viwanja husaidia pale ambapo mtaa ulichukua jina la mwenye shamba. Wazee wasikilizwe mapema, kabla ya nyaraka ikiwezekana, na waulizwe si asili ya jina tu, bali pia mtaa ulikuwa ukiitwaje walipokuwa wadogo, nani aliuita hivyo, na upande wa pili wa njia waliuitaje. Mara nyingi utakuta kwamba mtaa mmoja ulikuwa na majina mawili kwa wakati mmoja, moja la ofisini na moja la wakazi. Yaandike yote mawili, pamoja na mwaka na jina la aliyekueleza kwa idhini yake.